Modeli ipi ya macho? LATER, SERIA na mashine ya kuainisha, kwa anayetafiti magonjwa ya akili Nairobi

Kitone cheupe kinawaka upande wa kulia wa skrini. Umeambiwa usikitazame, tazama kushoto, umbali uleule. Lakini jicho lina haraka zake. Kitu kikiwaka pembeni linakirukia kabla hujajua kwamba umekiona, na kulizuia ni kazi. Ukifaulu kulizuia na kulituma upande wa pili, umefanya kinachoitwa antisakadi. Mruko wa kawaida wa jicho ni sakadi, na kila mmoja wetu hufanya kama tatu kwa sekunde akiwa anaangalia mambo yake. Zoezi la antisakadi lilianzishwa na Peter Hallett mwaka 1978. Mtu mzima asiye na ugonjwa hulikosea takriban mara moja katika kila majaribio matano. Mwenye skizofrenia hulikosea mara nyingi zaidi, na hilo limeonekana katika maabara nyingi kiasi kwamba halibishaniwi tena. Kinachobishaniwa ni maana ya lile kosa, na hapo ndipo modeli za hesabu zinapoingia.

Majuzi mwanafunzi mmoja wa uzamili alinikuta chuoni Chiromo, akafungua laptopu juu ya benchi na kuniuliza, "Mwalimu, kati ya hizi nichukue ipi?" Ana kamera ya kufuatilia macho inayopiga picha 60 kwa sekunde. Ana ruhusa ya kukaa na kila mgonjwa wa kliniki dakika 40, si zaidi. Ana miezi minane kabla ya kuwasilisha tasnifu. Na amesoma makala nyingi, kila moja ikisifu modeli yake. Si yeye wa kwanza kuniuliza, ndiyo maana naliandika jibu lote hapa.

Kwa mtu wa hali yake nasema hivi: anza na LATER, modeli ya muda ambao jicho hungoja kabla ya kuruka, panda hadi SERIA, inayoeleza na makosa pia, ukiwa na majaribio ya kutosha, na usiguse mashine ya kuainisha, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutenganisha wagonjwa na wazima, kabla hujapata watu wa kulinganisha waliopimwa katika chumba kilekile walimopimwa wagonjwa wako.

LATER: mtungi na bomba

Roger Carpenter wa Cambridge aliileta LATER mwaka 1981, na kwa anayeanza bado sijaona inayoishinda. Chukua mtungi wa lita 20 uliowekwa chini ya bomba. Kitone kikiwaka, bomba linafunguliwa. Maji yakifika mdomoni mwa mtungi, jicho linaruka. Muda wa kungoja unategemea mambo matatu tu: maji yaliyokuwemo tangu mwanzo, urefu wa mtungi, na nguvu ya bomba. Nguvu hiyo haibadiliki ndani ya jaribio moja, ila kati ya jaribio na jaribio inapanda na kushuka kuzunguka wastani wake, kama maji ya mtaani kwetu yanavyokuja leo kwa kishindo na kesho kwa matone.

Kutokana na hayo machache, LATER inatabiri jambo unaloweza kulikagua mwenyewe. Chukua moja, uigawanye kwa muda wa kila mruko. Namba utakazopata zitakuwa na mtawanyiko wa umbo la kengele, na ukizichora kwenye mizani inayofaa zitajipanga katika mstari ulionyooka. Mgonjwa akikawia, mstari wake unakueleza amekawia kwa njia gani. Bomba likiwa dhaifu, mstari wote unahama pembeni, sambamba na ulipokuwa. Mtungi ukiwa mrefu zaidi, yaani mtu amejiwekea kizingiti cha juu kwa tahadhari, mstari unageuka ukiwa umeshikiliwa ncha moja, kama mlango kwenye bawaba. Wastani wa milisekunde peke yake haukuonyeshi tofauti hii. Watu wawili wenye wastani wa 240 wanaweza kuwa wamefika hapo kwa sababu mbili zisizohusiana kabisa.

Kwa anayetafiti magonjwa ya akili, hili lina uzito. Mtu mwenye sonona anakawia. Je, habari inaingia polepole, au imeingia na yeye anasita? Mtu aliyeanza dawa ya kutuliza anakawia. Je, ni kukawia kwa namna ileile? Muuguzi aliyekaa naye wodini ana hisia kuhusu swali hilo, na LATER inampa namna ya kuliuliza kwa namba.

Gharama yake ni ndogo: vigezo viwili, wastani wa kasi na mtawanyiko wake. Lugha ya kompyuta kama R au Python kwenye laptopu ya kawaida inamaliza hesabu kabla chai haijapoa. Kamera ya picha 60 kwa sekunde inatosha, ingawa kwa kubana. Kati ya picha na picha kuna karibu milisekunde 17, kwa hiyo kila muda unaoupima una ukungu wa kiasi hicho, na mruko wa nyuzi 10, ambao huisha ndani ya milisekunde 50 hivi, unakuachia picha tatu tu za safari nzima. Utajua jicho liliondoka lini na likaelekea wapi. Kasi ya juu ya mruko usijaribu kuipima, hata kama programu ya kamera inakuandikia namba yake.

Upungufu wa LATER ni mmoja, na ni mkubwa: katika umbo lake la msingi haijui kosa ni nini. Inaeleza lini, haielezi wapi.

SERIA: makosa mawili yenye jina moja

Nilimchorea yule mwanafunzi mistari miwili ya aina ambayo utaikuta karibu katika kila rekodi ya antisakadi. Katika yote miwili kitone kiko kulia, na jicho lilipaswa kwenda kushoto. Mstari wa kwanza umelala bapa, kisha kwenye milisekunde 130 unachupa kulia, unagota hapo kidogo, halafu unageuka ghafla kwenda kushoto kama mtu aliyeitwa jina lake. Mstari wa pili umelala bapa milisekunde 200, 250, 300, na kwenye 340 unaruka kulia na kukaa huko. Kwenye jedwali la Excel yote miwili imeandikwa neno moja: kosa.

Mimi siwezi kuyaita kitu kimoja. La kwanza ni breki iliyochelewa. Katika la pili breki ilishika vizuri, muda wa kuamua ulikuwepo, na uamuzi ukaangukia upande usio wake, pengine kwa sababu agizo lenyewe lilikuwa limeteleza akilini. Ukiyajumlisha utapata asilimia nzuri ya kuweka kwenye tasnifu, na utakuwa umechanganya mgonjwa asiyeweza kujizuia na mgonjwa asiyeweza kushika alichoambiwa.

Carpenter mwenyewe, pamoja na Imran Noorani, aliongeza kipande cha kusimamisha kwenye LATER mwaka 2013. Miaka minne baadaye Eduardo Aponte na wenzake wa Zurich wakatoa SERIA. Ndani yake kuna mbio za wakimbiaji wanne. Mmoja ni wa mapema, anakimbilia kitone bila kufikiri. Mwingine ni breki; akimwahi yule wa mapema, mruko wa papo hapo unafutwa. Hapo zinaanza mbio za pili, za wawili waliobaki: anayepeleka jicho mbali na kitone na anayelipeleka kwenye kitone, safari hii kwa uamuzi. Kwa hiyo SERIA inakupa uwezekano wa kosa la mapema peke yake na wa kosa la baadaye peke yake, kwa kila mtu. Mwaka 2020 kundi hilohilo liliitumia kwa watu wenye afya waliopewa dawa ya levodopa au ya galantamini, na kwa vigezo vyake likaweza kutofautisha athari za dopamini na za asetilikolini, kemikali mbili zinazopitisha ujumbe ubongoni. Ndiyo maana naipenda kwa kazi ya akili: dawa tunazowapa watu wetu zinagusa mifumo hiyohiyo.

Sasa gharama, na hapa mwanafunzi awe mkweli na daftari lake. SERIA ina vigezo vingi, na vingi kati ya hivyo vinalishwa na makosa. Utaratibu wa kimataifa uliokubaliwa mwaka 2013 unampa kila mtu antisakadi 120, katika vipande vitatu vya 40, kukiwa na sakadi za kawaida 60 kabla na 60 baada. Mtu anayekosea mara moja kwa tano anakuachia makosa 24. Yagawe mara mbili, ya mapema na ya baadaye, na ya baadaye ndiyo huwa machache. Mtu makini mwenye makosa manne kwa jumla hana la kukuambia kuhusu tofauti hiyo, hata ukiiachia kompyuta usiku kucha.

Kuna njia mbili za kujikwamua, na nashauri zote. Ya kwanza, changanya sakadi na antisakadi ndani ya kipande kimoja, rangi ya alama ya katikati ikimwambia mtu afanye ipi. Waasisi wa SERIA nao walizichanganya, ingawa kwa alama ya namna nyingine, wakibadilisha uwiano wa sakadi za kawaida kati ya asilimia 20, 50 na 80. Makosa ya baadaye yanaongezeka mara moja, maana sasa agizo linabadilika kila wakati na akili lazima ilishike upya. Ya pili, usimkadirie kila mtu peke yake. Tumia makadirio ya ngazi, ambamo kundi humkopesha nguvu mwenye data chache. Programu yao ni ya bure, ila imeandikwa itumike hasa ndani ya Matlab, na leseni ya Matlab haiji bure. Ulizia kwanza kama idara yako inayo kabla hujaahidi chochote kwenye pendekezo lako.

Modeli ya Roger Ratcliff ya 1978, ile ya ushahidi unaoyumba kati ya mipaka miwili, naipita haraka. Ni nzuri mno kwa vitufe viwili na ina programu tayari. Kwa antisakadi haikai sawa, kwa sababu inadhani ushahidi unasukuma upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wa jaribio, na hapa msukumo unaanza upande mmoja kisha unageuzwa.

Mashine ya kuainisha, na chumba kilichotudanganya

Mwaka 2012 kundi la Aberdeen, Philip Benson na David St Clair wakiwemo, liliripoti kwamba kwa kuunganisha vipimo vichache rahisi, vya kufuata kitu kinachosogea, kukazia macho na kutazama picha kwa uhuru, kompyuta iliwatenganisha wenye skizofrenia na wasio nayo kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 98. Namba hiyo ndiyo inayowavuta wanafunzi. Ilinivuta hata mimi.

Nisimulie yaliyotupata. Tulirekodi wagonjwa katika chumba cha kliniki chenye dirisha moja la juu, na watu wa kulinganisha tukawarekodi chuoni, kwenye chumba chenye taa ndefu nyeupe. Mashine yetu ilipatia karibu kila mtu. Tulifurahi kwa wiki nzima. Kisha stima ikapotea kliniki, tukalazimika kuwaleta wagonjwa kadhaa chuoni, na mashine ikawaita wote wazima. Tulipochimba tukakuta ilikuwa imejifunza ukubwa wa mboni. Chumba chenye giza mboni kubwa, chumba chenye mwanga mboni ndogo. Ilijua vyumba, haikujua ugonjwa. Bado nakumbuka mzee mmoja kati ya wale wagonjwa aliyeuliza, "Kwa hiyo mashine imesema nimepona?" Swali lile lilinikaa kifuani, na tangu siku hiyo sikubali kumwonyesha mtu tokeo lake kabla ya kupimwa mahali papya.

LATER au SERIA ingetudanganya vilevile? Vigezo vyake vingeweza kuyumba, lakini kila kimoja kina jina na kazi, na kikitoka kwenye mipaka inayowezekana mwilini unakishtukia. Mashine ya kuainisha haina mahali pa kushtukia. Inatoa hukumu tu.

Jambo la pili ni swali lenyewe. Asubuhi kliniki ikiwa imejaa, daktari hana haja ya kuambiwa kama aliye mbele yake anatofautiana na mwanafunzi mwenye afya wa chuo kikuu. Hilo analiona. Anataka kujua kama ni skizofrenia, bipola, kifafa, athari ya miraa na pombe, au homa iliyopanda kichwani. Mashine iliyofunzwa kutenganisha mgonjwa na mzima haijawahi kuulizwa swali hilo.

Na la tatu ni la hapa kwetu hasa. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Nairobi, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kuanzia 1938 ilisimamiwa na daktari J. C. Carothers, ambaye mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Alichukua kipimo cha watu wa kwao, akakilaza juu ya watu wa hapa, na kilipopungua akasema wamepungua wao. Antisakadi inasemwa kila siku kuwa ni kipimo cha sehemu hiyohiyo ya mbele ya ubongo. Ukichukua mashine iliyofunzwa Ulaya, ukaipa macho ya mama wa Kawangware ambaye hajawahi kukaa mbele ya skrini ya maabara na aliyelala kwa muda wa saa tatu tu, na mashine ikasema "si wa kawaida", umelirudia kosa la Carothers kwa umeme. Nasema kwa uchungu kwa sababu ni rahisi mno kulifanya. Watu wa kulinganisha lazima watoke mtaa mmoja na wagonjwa, umri mmoja, shule sawa, na wapewe mazoezi ya kutosha kabla ya kurekodiwa.

Modeli za mvuto wa picha zina tatizo kama hilo kwa sura nyingine. Ile ya Itti, Koch na Niebur ya 1998 inakadiria sehemu ipi ya picha itavuta jicho kwa rangi, mwangaza na mwelekeo wa mistari. Mwaka 2015, kwa kutumia picha 700 na modeli ya namna hiyo iliyoongezewa tabaka la maana, ilionekana kwamba watu wenye usonji huvutwa zaidi na katikati ya picha na kidogo na nyuso. Kazi safi. Lakini ukitaka kuifanya hapa, piga picha zako mwenyewe, Gikomba, stendi, kanisani, jikoni, kwa sababu jicho hutazama linachokijua.

Kufuata kitu kinachosogea

Hiki ndicho kipimo cha zamani kuliko vyote. Diefendorf na Dodge walikipima kwa rekodi za picha mwaka 1908, na Philip Holzman akakifufua mwaka 1973 kwa timazi inayobembea. Modeli ninayoipenda hapa ni ya Rick Adams, Laurent Perrinet na Karl Friston, ya 2012. Simama kwenye daraja la miguu la Thika Road ufuate matatu moja kwa macho. Ikipita nyuma ya bango, jicho lako linaendelea kusogea, maana ubongo unaamini matatu bado inakwenda. Katika modeli hii, mwenye skizofrenia anaipa imani hiyo uzito mdogo, kwa hiyo nyuma ya bango jicho lake linapungua kasi zaidi. Lakini matatu ikigeuka ghafla, yeye analemewa kidogo na imani ya zamani, na anaweza kuifuata vizuri kuliko wewe. Modeli inayotabiri mahali ambapo mgonjwa atamshinda mzima inastahili heshima, kwa sababu ulegevu, usingizi na kutojali haviwezi kuleta tokeo hilo.

Ni ngumu kuihesabu, na inataka kamera ya picha mamia kwa sekunde. Kwa tasnifu ya miezi minane, isome, uiache.

Kamera na dawa

Kamera ya laptopu inavutia kwa bei, na programu kama WebGazer hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kulazimika kutuma video popote. Lakini kosa lake ni la nyuzi kadhaa, wakati kamera nzuri ya maabara hukosea kwa nusu nyuzi hivi. Tena kwa mwanga wa kawaida, macho yetu ya kahawia iliyokolea hayaonyeshi ukingo wa mboni. Kamera ya miale ya infraredi inauona bila shida. Kwa kujua kulia au kushoto, kamera ya laptopu inaweza kukufaa. Kwa milisekunde za LATER, hapana. Na ukirekodi uso wa mgonjwa, jua kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti; uliandike hilo kwenye fomu ya ridhaa kwa Kiswahili anachokielewa, si kwa lugha ya wakili.

Dawa ziandike zote, kwa kipimo na saa ya mwisho kumezwa. Diazepamu hupunguza kasi ya mruko. Nikotini huelekea kupunguza makosa ya antisakadi, kwa hiyo mgonjwa aliyevuta sigara nje ya mlango wako muda mfupi uliopita si sawa na yule aliyenyimwa tangu asubuhi. Lithiamu na kabamazepini huvuruga ufuataji wa kitu kinachosogea. Ukikosa safu hizi kwenye jedwali, hakuna modeli itakayokurudishia.

Yule mwanafunzi amechagua kuchanganya sakadi na antisakadi kwa alama ya rangi, vipande sita vifupi vyenye mapumziko, ndani ya dakika zake 40. Ataanza na LATER kwa sakadi za kawaida, SERIA kwa zote akipata makosa ya kutosha, na amekubaliana na kliniki kwamba ndugu wanaowasindikiza wagonjwa waombwe kuwa watu wa kulinganisha, chumba kilekile, kiti kilekile, pazia limefungwa. Jumatatu anawapima wawili wa kwanza.